Maswali Yenu ya Kompyuta: Kihariri Kipya Ndani ya Mfumo Mkongwe

SWALI: Ndugu mjibu maswali, habari za kazi. Mimi ni mtunza kumbukumbu katika ofisi ya wafanyabiashara wa mbao hapa Mafinga. Seva yetu inaendeshwa na CentOS 6, na hatuwezi kuihama kwa sababu programu ya hesabu tunayoitegemea ilitengenezwa kwa ajili ya mfumo huo na fundi aliyeitengeneza hapatikani tena. Vim, kihariri cha maandishi tunachokitumia, iliyomo humo ni ya zamani, ilhali viongezo ninavyovitumia kwenye kompyuta yangu ya mkononi vinadai Vim 8. Nilinakili faili la vim kutoka kompyuta hiyo, yenye Ubuntu 22.04, nikaliweka kwenye seva. Likadai libtinfo.so.6, nikainakili hiyo nayo. Likadai nyingine, nikaileta. Mwishowe likasema kwamba toleo GLIBC_2.34 halimo katika /lib64/libc.so.6. Rafiki yangu ananishauri ninakili pia libc.so.6 ya Ubuntu juu ya ile ya seva, nimalize kazi. Je, nifanye hivyo? (Msomaji wa Mafinga, Iringa)

JIBU: Usifanye hivyo, ndugu yangu, na mwoneshe rafiki yako jibu hili kabla hajaigusa seva hiyo.

Maktaba ya libc.so.6 ndiyo inayotegemewa na karibu kila programu iliyomo ndani ya seva yako: ls, cp, mv, bash, pamoja na sshd unayoingilia ukiwa mbali. Katika CentOS 6 jina libc.so.6 ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye faili halisi liitwalo libc-2.12.so, na amri ya cp hukifuata kiungo hicho na kuandika juu ya faili lenyewe, hata faili la awali likapotea kabisa. Maktaba hiyo, zaidi ya hayo, hufanya kazi sambamba na kipakiaji chake, ld-linux-x86-64.so.2, na viwili hivyo sharti viwe vya toleo moja. Hata ukivibadilisha vyote kwa pamoja hutafika mbali, kwa kuwa glibc (mradi unaotoa libc.so.6 na kipakiaji chake) ya kuanzia toleo 2.26 inahitaji kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya 3.2 au zaidi, wakati kerneli ya CentOS 6 ni 2.6.32, hivyo programu zitakataa kuanza na kukuambia kwamba kerneli ni ya zamani mno. Kuanzia hapo hakuna amri itakayokuitikia, na njia pekee itakayobaki ni kuiwasha seva kwa diski ya uokoaji na kulirudisha faili la asili kutoka nje. Kwa ofisi yenye hesabu za wateja ndani yake, hiyo ni hatari isiyolingana hata kidogo na faida ya kupata kihariri kipya.

Tuone kwanza kosa lenyewe linatoka wapi, maana ukilielewa hutahangaika tena kuhamisha maktaba mojamoja. Programu inapounganishwa na glibc, kila kazi inayoiomba huandikwa ndani ya faili pamoja na toleo la kazi hiyo, na kiunganishi huchukua toleo jipya kuliko yote linalopatikana kwenye mashine ile inayojenga. Kwa mfano, kazi ya memcpy katika mashine za biti 64 ilipata toleo jipya katika glibc 2.14, na ndiyo maana kwa miaka mingi waliohamisha programu kwenda CentOS 6 walikuwa wakikutana na jina GLIBC_2.14. Katika glibc 2.34 ilibadilishwa pia kazi inayoianzisha programu yoyote ile, iitwayo __libc_start_main. Kwa hiyo programu iliyojengwa kwenye mashine yenye glibc hiyo au mpya zaidi, hata kama haifanyi lolote ila kuandika neno moja kwenye kioo, itadai GLIBC_2.34. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, na CentOS 6 ina 2.12. Uhusiano huu unakwenda upande mmoja tu: programu iliyojengwa kwenye glibc ya zamani huendelea kufanya kazi kwenye mpya, kwa kuwa wenye glibc huyahifadhi matoleo ya nyuma, lakini iliyojengwa kwenye mpya haiwezi kurudi kwenye ya zamani.

Tiba basi ni kuikompaili Vim kutoka msimbo chanzo ndani ya CentOS 6 yenyewe. Ningependa usiifanye kazi hiyo kwenye seva ya ofisi. Sakinisha CentOS 6 katika mashine pepe kwenye kompyuta yako ya mkononi, ujenge humo, kisha upeleke matokeo kwenye seva. Wapo wanaotumia kontena badala ya mashine pepe kwa sababu ni nyepesi, ila wajue kwamba programu za CentOS 6 huanguka ndani ya kerneli mpya zilizozimiwa vsyscall (njia ya kale ya programu kuiomba kerneli huduma), mpaka kerneli iwashwe kwa kigezo vsyscall=emulate; mashine pepe haina usumbufu huo. Kumbuka pia kwamba huduma kwa CentOS 6 ilikoma tarehe 30 Novemba 2020 na ghala zake zikahamishiwa vault.centos.org, hivyo yum, zana ya kusakinisha programu, haitaona kitu mpaka uibadilishe anwani iliyomo katika /etc/yum.repos.d. Kompaila utakayoipata ni gcc 4.4.7, nayo inatosha. Chagua Vim 8.2, iliyotoka Desemba 2019. Vim 9 hutumia zaidi vipengele vya lugha ya C vya mwaka 1999, na kwa kompaila ya umri huu ungelazimika kuongeza -std=gnu99 na kuvuka vikwazo vingine, ilhali viongezo vyako vinadai Vim 8 tu.

Sasa tufike kwenye maktaba ya terminali, ambayo ndiyo huwakwamisha wengi. Vim haichori herufi kwenye kioo kwa kubahatisha. Huiuliza maktaba ya terminali ni alama gani zinazofuta mstari, zinazohamisha kishale au kubadili rangi. Ubuntu yako inatoa huduma hiyo kupitia libtinfo.so.6, iliyotokana na ncurses 6, mradi unaotengeneza maktaba hiyo ya terminali, na ncurses 6 ilianza kutolewa mwaka 2015. CentOS 6 ni ya zama za ncurses 5, na faili lake linaishia na .so.5. Unaweza kusakinisha furushi la ncurses-devel na kutumia ile ya mfumo. Mimi napendelea ujenge ncurses yako mwenyewe na kuitia ndani ya Vim moja kwa moja, ili faili lako lisiulize tena swali hilo popote litakapokwenda. Msimbo chanzo wake hauzidi sana megabaiti 3, kwa hiyo hata kifurushi kidogo cha intaneti hakitaumia.

Pakua msimbo chanzo wa ncurses na wa Vim kwenye kompyuta yako mpya, kwa kuwa zana za CentOS 6 zinaweza kushindwa kufanya mazungumzo ya usimbaji na tovuti za leo, kisha uuhamishie ndani ya mashine pepe. Linganisha jibu la sha256sum la pande zote mbili kabla ya kufungua mafurushi. Chagua saraka moja ambayo itakuwa na njia ileile katika mashine pepe na katika seva, tuseme /opt/zana, kwa sababu njia hiyo huchongwa ndani ya programu zote mbili: ncurses hukumbuka mahali pa hazina yake ya terminali, na Vim hukumbuka mahali pa mafaili yake ya rangi, sintaksia na msaada. Ndani ya saraka ya ncurses andika:

./configure --prefix=/opt/zana --without-ada --without-cxx-binding --disable-widec

kisha make na make install. Usiongeze --with-shared. Bila kigezo hicho ncurses hutoa libncurses.a peke yake, na hicho ndicho tunachokitaka, maana kiunganishi kikikuta .a na .so katika saraka moja huchukua .so. Toleo la herufi pana nalo nimelizima kwa --disable-widec, kwa kuwa Vim hushughulikia UTF-8 yenyewe na huomba kutoka ncurses kazi chache tu za msingi kama tgetent, tgoto na tputs. Angekuwa ni msomaji anayejenga nano, kihariri kingine, ningemwambia kinyume: nano huuchora ukurasa wake kupitia ncurses, na bila --enable-widec herufi zisizo za ASCII zitavurugika.

Ukimaliza, ingia kwenye saraka ya Vim na uandike haya yote katika mstari mmoja:

CPPFLAGS=-I/opt/zana/include LDFLAGS=-L/opt/zana/lib ./configure --prefix=/opt/zana --with-tlib=ncurses --with-features=huge --enable-gui=no --without-x --without-local-dir --disable-gpm --disable-acl --disable-selinux --disable-nls

Kigezo --without-local-dir nimekiweka kwa makusudi. Vim ina desturi ya kuchungulia /usr/local bila kuombwa, na kama kuna mtu aliwahi kuacha maktaba humo, unaweza kujikuta umeunganishwa nayo bila kujua. Vile vinne vya mwisho vinapunguza maktaba nyingine ambazo programu ingezidai. Seva ya hesabu haipotezi kitu kwa kukosa kipanya cha konsoli au ujumbe uliotafsiriwa.

Kama configure itasimama na kulalamika kwamba haikuona maktaba ya terminali, usiuamini ujumbe huo peke yake. Fungua src/auto/config.log, shuka mpaka mahali inapojaribu tgetent, na usome kosa la kiunganishi lililo chini yake, kwa maana hapo ndipo sababu ya kweli ilipoandikwa: huenda njia ya -L ina kosa la herufi, au faili ni la biti 32 huku kompaila ikijenga la biti 64. Baada ya kurekebisha, anza kwa make distclean. Watu wengi hurekebisha kosa lao vizuri kabisa kisha wakaendelea kupata jibu lilelile la zamani, kwa sababu Vim huhifadhi majibu ya majaribio katika src/auto/config.cache na kuyasoma tena.

Na umeme ukikatika katikati ya make, jambo ambalo wasomaji wetu wa Mafinga na Makambako wanalifahamu, huna haja ya kuanza upya. Tazama faili la mwisho lenye kiambishi .o katika saraka ya src/objects, ulifute hilo moja kwa kuwa linaweza kuwa limeandikwa nusu, kisha uendeshe make tena. Yaliyokwisha kukamilika hayatarudiwa.

Kabla ya kulipeleka faili kwenye seva, likague mara mbili. Amri ya ldd src/vim ioneshe libm, libc na pengine libdl na kipakiaji, bila jina la ncurses wala tinfo. Halafu objdump -T src/vim itakuonesha kila toleo la glibc linaloombwa, na hapo pasiwepo lolote linalozidi 2.12. Yakiwa sawa, endesha make install, kisha uifunge saraka nzima ya /opt/zana kwa tar na kuifungua mahali palepale kwenye seva. Yale mafaili ya Ubuntu uliyoyanakili mwanzo, ukianza na libtinfo.so.6, yafute sasa, maana maktaba ngeni iliyoachwa ndani ya /lib64 inaweza kuja kuchaguliwa siku moja na programu isiyohusika. Na usiifute Vim ya mfumo. Iache /usr/bin/vim ilivyo, uongeze tu /opt/zana/bin mwanzoni mwa PATH yako, yaani orodha ya saraka ambamo mfumo hutafuta amri.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Iringa mjini. Katika chumba cha mazoezi kuna kompyuta ya Sun yenye Solaris 10, na mkufunzi ametuachia tujifunzie humo. Nimejaribu kukompaili Vim kwa cc nikaambiwa kwamba furushi la lugha halijasakinishwa. Nilipopata gcc na kufaulu kujenga, programu ikagoma kuanza kwa kusema imeshindwa kufungua libncurses.so.5, ingawa faili hilo nililiona kwa macho yangu katika /opt/csw/lib. (Mwanafunzi, Iringa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mashine hiyo ni shule nzuri, kwa kuwa inakulazimisha kuyaona mambo ambayo Linux imezoea kukufichia.

Ile cc uliyoikuta ni /usr/ucb/cc, na si kompaila. Ni hati fupi tu inayoitafuta kompaila ya Sun, iliyokuwa bidhaa ya kusakinishwa peke yake, na ikiikosa hukupa ujumbe huo. Solaris 10, iliyotoka mwaka 2005, ilikuja na gcc 3.4.3 katika /usr/sfw/bin, wakati make na kiunganishi vimo katika /usr/ccs/bin. Ipange PATH yako ianze na /usr/xpg4/bin, ifuate /usr/ccs/bin, /usr/sfw/bin, halafu /usr/bin, na uiondoe /usr/ucb kabisa. Fungua mafurushi kwa gtar iliyomo /usr/sfw/bin, kwa kuwa tar ya Solaris huyavuruga majina marefu yaliyofungwa na tar ya GNU, nawe utakuja kutafuta kosa ndani ya msimbo wakati ni faili ambalo halikufunguka. Mpe configure ganda la kisasa kidogo pia, kwa kuweka CONFIG_SHELL=/bin/bash, maana /bin/sh ya Solaris 10 ni lile la kale la Bourne.

Kuhusu libncurses.so.5, wakati wa kujenga na wakati wa kuendesha ni mambo mawili yasiyojuana. Kigezo -L kinamwambia anayejenga mahali pa kuiona maktaba. Hakimwambii kitu anayeendesha. Katika Solaris njia ya kuendeshea huandikwa ndani ya faili kwa -R, kwa hiyo LDFLAGS yako inapaswa kuwa na -L/opt/csw/lib pamoja na -R/opt/csw/lib. Utasikia ushauri wa kutumia LD_LIBRARY_PATH. Inafaa kwa kujaribu mara moja, lakini ukiiweka katika .profile itaathiri kila programu unayoifungua, na nyingine zitachukua maktaba zisizozihusu. Utasikia pia habari za crle, inayobadilisha njia za maktaba kwa mfumo mzima. Hiyo usiiguse: anayeiendesha kwa -l bila kuzitaja tena njia za asili anaweza kuifanya mashine ishindwe hata kuwaka.

Ukweli ni kwamba huihitaji hiyo ncurses. Solaris ina curses yake, na Vim inaikubali bila shida; weka --with-tlib=curses na mgogoro wote unaisha. Ukikutana na ujumbe wenye neno ELFCLASS64, fahamu kuwa umechanganya maktaba ya biti 64 na programu ya biti 32, kwa maana gcc hiyo hujenga ya biti 32 usipoipa -m64.

Tatizo moja bado litakujia. Ukiingia kutoka kompyuta yako, terminali itajitambulisha kama xterm-256color, jina ambalo hazina ya Solaris 10 hailijui, na Vim itakataa kuchora kama inavyostahili. Usidhani ujenzi wako ndio mbovu. Kwenye kompyuta yako endesha infocmp xterm-256color na kuhifadhi jibu katika faili, lipeleke Solaris, tengeneza saraka yako, elekeza kigeu TERMINFO kwenye saraka hiyo, kisha uendeshe tic juu ya faili hilo. Ukiwa na haraka, TERM=xterm itakufikisha, ila kwa rangi chache au bila rangi kabisa.

SWALI: Sisi ni vijana tunaohudumia kompyuta za ofisi kadhaa Tukuyu, Mbeya mjini na Mbozi. Nyingine zina CentOS 6, nyingine CentOS 7, na chache Ubuntu mpya. Je, tunaweza kujenga Vim mara moja na kuisambaza kote, na sheria za leseni zinaturuhusu? (Tukuyu, Rungwe)

JIBU: Mnaweza, mkijenga kwenye ile iliyo ya zamani kuliko zote, yaani CentOS 6, kwa njia niliyomweleza msomaji wa Mafinga. Faili linaloomba glibc 2.12 litafanya kazi kwenye 2.17 ya CentOS 7 na kwenye Ubuntu ya leo, mradi zote ziwe za biti 64 na za aina moja ya prosesa.

Leseni ya Vim inaruhusu kusambaza faili tekelezi lililojengwa kutoka msimbo ambao haukubadilishwa, kwa sharti la kuambatanisha maandishi ya leseni, na leseni ya ncurses haizuii kuiweka ndani ya programu nyingine. Mngechagua nano, iliyo chini ya GPL toleo la 3 (leseni ya programu huria), mngewajibika pia kuwapa msimbo chanzo wale mnaowapelekea. Tena msiyafute yale maneno yanayotokea Vim inapofunguliwa, yanayoomba msaada kwa watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeiandika Vim na kufariki Agosti 2023, alifanya kazi ya kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wetu, na anayenufaika na programu hii aliomba awakumbuke watoto wa huko badala ya kumlipa yeye. Kwa ofisi zenu zinazoipata bure, naona ni haki watumiaji wayasome.

Katika furushi mtakalosambaza msitie faili la vim peke yake. Liwe na saraka nzima ya /opt/zana, yaani bin, share/vim na share/terminfo, kwa kuwa ofisi itakayopokea vim bila share/vim itapata kihariri kisicho na rangi wala msaada na itawapigia simu siku hiyohiyo. Kama kuna ofisi isiyoruhusu kuandika ndani ya /opt, ifungueni kwenye saraka ya nyumbani ya mtumiaji na muweke VIMRUNTIME na TERMINFO katika .bash_profile yake.